Kaliba ya Sista Nyambura

Nimeacha kazi mwezi uliopita, nikiwa na miaka hamsini na sita, kwa sababu ya masikio. Daktari aliweka mbele yangu mchoro wenye mistari miwili iliyoteremka kama ngazi, akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi mahali penye kelele. Nilimjibu kwamba kwa miaka ishirini na miwili nimetengeneza na kujaribu bunduki za shabaha katika karakana moja ya Nechells, mtaa wa Birmingham. Aliandika neno moja tu. Sikuweza kulisoma, na kwa kuwa alilitamka akiwa ameinama, sikulisikia pia.

Furaha, ambaye sasa ndiye mwenye meza yangu, ameniomba niandike mambo ambayo hayamo katika vitabu vya karakana. Anataka niandike kwa Kiswahili kwa sababu, anasema, kwa Kiingereza mimi huandika kama benki inayokataa mkopo. Yeye ni mtu wa Bukavu na mimi ni wa Machakos, na Kiswahili chetu hukutana njiani tu. Lakini tumeelewana kwa miaka mitano bila kumlipua mtu yeyote, kwa hiyo nitaandika hiki changu. Habari za vyeo sitazigusa. Karakana ya watu wanne haina vyeo, ina birika moja na zamu ya kulijaza.

Kwa atakayesoma haya bila kuijua kazi yetu, nianze na jambo la msingi. Katika nchi hii ya Uingereza raia haruhusiwi kumiliki bastola ya kawaida. Kilichobaki kwa wapenzi wa shabaha, pamoja na vitu vingine vichache, ni rivolva za mtindo wa kale ambazo hushindiliwa kutoka mbele kama gobore. Silinda ina vyumba sita. Katika kila chumba mpigaji humimina baruti nyeusi, kisha hushindilia gololi ya madini ya risasi, hupaka grisi juu yake ili moto wa chumba kimoja usiruke kwenda kwa jirani, na mwisho huvisha fataki ndogo ya kuwashia kwa nyuma. Halafu, kwa kila risasi, lazima aikoki, yaani aivute nyundo nyuma kwa kidole gumba, kabla ya kugusa triga. Hakuna njia ya mkato. Mtu mwenye haraka hawezi mchezo huu, na ndiyo maana wengi wanaoupenda ni watu wanaoharakishwa mahali pengine.

Nilifika Birmingham kusomea uhandisi wa metali, nikamaliza shahada ya pili, na nikagundua kwamba viwanda nilivyosomea vilikuwa vimefungwa kabla sijapanda ndege. Derek, mwenye karakana, alikuwa akitafuta mtu wa kupima ugumu wa springi. Alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Saltley, mwembamba, mwenye nyusi zilizoungua nusu, na kila mtu alimwita “bab”, neno ambalo watu wa hapa humwitia mpenzi, mteja, na dereva wa basi bila kubagua. Niliambiwa nianze Jumatatu.

Jumatatu hiyo alinipa rivolva iliyotumika siku iliyotangulia, nyeusi kwa masizi na yenye harufu ya mayai yaliyooza, akaniambia niisafishe. Nilichukua mafuta mazuri ya mashine. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimetengeneza lami. Derek alinitazama kwa utulivu, akaenda kwenye sinki, akaifungulia maji ya moto na sabuni ya vyombo.

“Maji?” nikasema. “Kwenye chuma?”

“Digrii yako inasema nini kuhusu maji ya moto, bab?”

“Inasema kutu.”

“Basi iambie digrii yako ikaushe haraka, halafu ndipo ipake mafuta.”

Wiki hiyo hiyo niliona paketi ya semolina, unga wa ngano wa chenga, rafuni, nikamsifu Derek kwamba kumbe anajali tumbo lake asubuhi. Alicheka hadi akakaa. Semolina ile haikuwa ya uji. Wapiga shabaha hutumia baruti kidogo ili risasi itoke kwa upole, kisha hujaza nafasi iliyobaki ndani ya chumba kwa semolina, ili gololi ikae karibu na mdomo. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, alisema, “Kwa hiyo umesoma miaka sita ili uwapikie bunduki uji.”

Sasa niingie katika suala ambalo Furaha ataulizwa kila wiki hadi naye astaafu: mteja achague kaliba gani, yaani upana gani wa tundu la mtutu? Kwa rivolva hizi chaguo kwa kweli ni mbili, ya 44 na ya 36, kwa kipimo cha sehemu za mia za inchi. Mteja huingia akiwa na jibu tayari. Wanaume wakubwa husema 44 kabla hawajafunga mlango. Wengine wamesoma mahali kwamba 36 ni ya kiungwana. Kila upande una hoja zake. Ya 44 hutoboa tundu pana kidogo kwenye karatasi, na katika klabu ambako tundu likigusa mstari unapata alama ya juu, milimita moja si kitu cha kudharau. Gololi yake ni kubwa, rahisi kuishika kwa vidole vyenye baridi. Karibu kila mwanaklabu anayo, kwa hiyo ukisahau gololi zako nyumbani utaazimwa. Ya 36 hula baruti kidogo na risasi kidogo, na teke lake ni dogo. Lakini mtutu wake wenye tundu dogo huzibwa na masizi mapema, na asiyeufuta mara kwa mara ataona risasi zake zikianza kutangatanga. Haya yote ni kweli, na Derek hakutaka kuyasikia hadi kwanza aushike mkono wa mteja.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Mteja aliweka mkono wake wa kulenga juu ya mkeka wa kijani kwenye kaunta. Derek aliuchukua kwa mikono yake miwili kama mnunuzi wa nguo anayepima kitambaa, akabonyeza shina la kidole gumba, akakizungusha, akitazama uso wa mtu na si mkono. Baadaye alimpa kile tulichokiita kijiti: kipini cha rivolva kilichofungwa kwenye ubao, chenye vikuku vya risasi vya kuongeza uzito mbele, na nyuma kikiwa na nyundo halisi yenye springi ya kulegezwa au kukazwa. Mteja alinyoosha mkono, akahesabu hadi thelathini, akakoki mara sita. Ndipo tukazungumza kuhusu kaliba. “Wanadhani wanachagua tundu,” Derek alikuwa akisema. “Wanachagua kitu cha kunyanyua mara arobaini kila Jumamosi.”

Kuna jambo moja la uzito ambalo wageni hulielewa kinyume. Rivolva ya 36 iliyojengwa juu ya fremu ile ile ya 44 si nyepesi zaidi. Ni nzito zaidi. Mtutu na silinda vina unene ule ule kwa nje. Tundu likiwa dogo, chuma kinachobaki ni kingi. Tofauti ni kama uzito wa yai, lakini yai hilo limekaa mbele kabisa, mwisho wa mkono ulionyooshwa. Naandika haya kwa makusudi, ili isidhaniwe kwamba kosa ninalotaka kulisimulia lilitokana na kutojua. Nilijua. Nilikuwa nimewaeleza wateja wengine mara nyingi.

Sista Nyambura alikuja katika mwaka wangu wa kumi na tatu. Alikuwa nesi katika hospitali ya kule Bordesley Green, mjane, na tulisali kanisa moja. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amempeleka klabu ya shabaha siku ya wageni, naye akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, hadi akamaliza miezi ya majaribio. Nilimuuliza, mbele ya chai ya baada ya ibada, ni nini kilichomvutia huko.

“Baba Mwende,” alisema, akiniita kwa jina la binti yangu badala ya Mutua, kama wengi wa kanisani, “wodini naitwa mara mia. Nikifika nyumbani, simu. Nikija hapa, Sista hiki, Sista kile, na ibada haijaisha. Pale uwanjani nikishavaa vikinga-masikio, hata malaika akija itabidi angoje nyuma ya mstari mpaka nimalize.”

Alikuwa anahitaji rivolva yake mwenyewe, na kabla ya hapo cheti cha polisi. Cheti hutaja kila silaha na kaliba yake. Ukiandikiwa 36, huwezi kuondoka dukani na 44. Ni lazima uombe mabadiliko, na maombi hukaa kwenye foleni. Kwa hiyo ushauri wa dukani, ambao kwa bidhaa nyingine ungekuwa maneno tu, kwetu huandikwa na serikali.

Siku aliyokuja kushauriana, Derek alikuwa Wales na mkewe. Sista Nyambura hakuja peke yake. Aliandamana na Mama Kevin, katibu wa ushirika wa akina mama, ambaye hakuwa na haja yoyote ya bunduki ila kuiona kwa macho yake karakana ambayo mzee wa kanisa hujipatia riziki. Mimi ndiye niliyekuwa mzee huyo wa kanisa. Mama Kevin aliketi kwenye kiti cha wateja, mkoba juu ya mapaja, akatazama.

Ningepaswa kusema: Sista, weka mkono hapa. Kisha niuchukue mkono wa mjane wa miaka arobaini na tisa kwa mikono yangu miwili, niubonyeze, niuzungushe, nikimtazama usoni, mbele ya katibu wa ushirika wa akina mama. Nilitazama mkeka. Nilimtazama Mama Kevin. Niliona Jumapili ijayo nzima, na uso wa mke wangu ndani yake.

“Unataka kubwa au ndogo?” nikauliza.

“Ndogo, si hii mizinga yenu.”

“Basi 36. Teke lake ni dogo. Itakufaa.”

Hata kijiti sikukitoa, kwa sababu kijiti hufuata mkono, na anayekitoa bila mkono ataulizwa kwa nini. Yote yalichukua muda mfupi kuliko chai. Kuna jambo la pili ambalo sina budi kulikiri: nilimtazama, nikaona mwanamke, nikafikiri ndogo. Kumwonea haya Mama Kevin kulinizuia kuushika mkono. Lakini neno “ndogo” alipolitamka yeye, mimi nilikuwa nimeshalifikiri.

Cheti kilitoka. Alinunua 36 yenye fremu nzito na mtutu mrefu, nzuri kwa macho. Baada ya miezi miwili aliirudisha ndani ya kasha lake, akaiweka kwenye mkeka. Alipoufungua mkono wake niliuona kwa mara ya kwanza, naweza kusema hivyo, ingawa tulikuwa tumesalimiana kila Jumapili kwa miaka saba. Shina la kidole gumba lilikuwa limechomoza kama kifundo. Miaka ishirini na mitano ya kuwageuza wagonjwa kitandani ilikuwa imekaa hapo.

“Kukoki kunaniua,” alisema. “Na nikifika ya saba, ya nane, mkono unashuka wenyewe. Vijana wa klabu wanasema nifanye mazoezi. Labda ni uzee tu, Baba Mwende. Mkono umekataa.”

Nilielewa hapo hapo. Ile rivolva ilikuwa nzito mbele kuliko ambavyo angeweza kubeba, springi yake ngumu kuliko kidole chake, na teke dogo nililomsifia halikuwa na maana, maana kwa baruti kidogo na semolina hata 44 haina teke la kumsumbua mtu. Nilielewa yote hayo, na nikasema, “Tafuta mpira laini. Uwe unaubana asubuhi na jioni.”

Alinishukuru. Alipokwisha kuondoka, Derek alitoka nyuma akifuta mikono.

“Huyo ndiye rafiki yako wa kanisani? Kidole kile nimekiona kutoka mlangoni. Uliushika mkono wake kabla ya kumwandikia 36?”

“Ndiyo,” nikasema.

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye jiriwa lake. Hakuuliza tena. Derek hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alikuwa mtu wa kungoja, na hilo ni baya zaidi.

Nilinyamaza wiki sita. Katika wiki hizo nilifanya kazi nzuri, nadhani. Nilinyoosha mitutu, nilitengeneza triga ya mzee mmoja wa Saltley hadi akanipigia simu kunishukuru. Kanisani nilisoma matangazo. Sista Nyambura aliketi safu ya tatu akibana kitu ndani ya mfuko wa koti, na nikatambua kwamba ni ule mpira. Alikuwa akifuata maagizo yangu, na kila bano lilikuwa likimuumiza zaidi.

Kisha katibu wa klabu akatupigia simu kuhusu agizo la baruti, na katika mazungumzo akamtajia Derek kwamba yule nesi wetu hajaonekana Jumamosi nne mfululizo. Jambo hilo si dogo. Polisi humpa mtu cheti kwa sababu anatumia silaha uwanjani. Asipohudhuria, sababu hiyo hupungua, na klabu hulazimika kusema ukweli inapoulizwa. Derek aliweka simu chini, akasema kwa sauti ya kawaida, “Rafiki yako ameacha.”

Nilimwambia wakati huo huo. Nilimwambia kuhusu mkeka, kuhusu Mama Kevin, kuhusu ile “ndiyo” yangu. Nilieleza kwa kirefu desturi za kwetu, mjane, mzee wa kanisa, mkono. Alisikiliza hadi mwisho.

“Sielewi nusu ya hayo, bab,” alisema. “Lakini naelewa kwamba anadhani ubovu uko mkononi mwake. Umeniambia mimi kabla yake. Umekosea mpangilio.”

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, saa ambayo angepaswa kuwa uwanjani, nilitembea kutoka kwangu Saltley hadi Bordesley Green. Ningeweza kupanda basi. Nilitaka muda wa kupanga sentensi, na nilipofika mlangoni nilikuwa na sentensi nne nzuri sana. Alifungua akiwa na aproni, na kabla ya salamu kuisha alinikabidhi chupa ya jemu.

“Afadhali umekuja. Nifungulie hii, imenishinda tangu jana.”

Niliifungua. Sentensi zangu zote nne zikapotea. Mezani palikuwa na bahasha ndefu ya kahawia yenye anwani ya idara ya vyeti vya silaha, haijafungwa bado. Aliona ninaitazama.

“Narudisha,” alisema. “Ile bunduki mtaichukua ninyi, mtamuuzia mtu mwenye mkono. Nilijaribu, Baba Mwende. Na ule mpira wako nimeubana mpaka umepasuka. Kuna wakati mtu akubali.”

“Usiifunge hiyo bahasha.”

“Kwa nini?”

“Mkono wako hauna kosa. Kosa ni langu. Kabla ya kumwambia mtu yeyote achukue kaliba gani, sisi huushika mkono wake na kukiangalia kidole. Kila mteja. Wewe sikukushika. Nilikuandikia 36 bila kujua chochote, na uliporudi nikaona kosa langu waziwazi, nikakupa mpira.”

Aliketi. Alimimina chai, na kati ya kikombe changu na chake nilisikia saa ya ukutani. Enzi hizo bado nilikuwa nasikia saa.

“Kwa nini hukunishika mkono?”

“Mama Kevin alikuwa pale.”

“Mama Kevin.”

“Wewe ni mjane. Mimi ni mzee wa kanisa. Niliona vibaya.”

Alinitazama kama anavyomtazama, nadhani, mgonjwa aliyeficha dalili. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa sekunde mbili nilidhani analia.

“Mimi ni nesi, Baba Mwende! Miaka ishirini na tano! Nimeshika migongo, nimeshika miguu, nimeshika vitu ambavyo sitavitaja na wewe unakunywa chai. Na wewe unaogopa *mkono*?”

Kisha akaacha kucheka, na hili nalo ni lazima niliandike.

“Wiki sita,” alisema. “Wiki sita nalala nikijiambia nimeisha. Kama mkono huu umekataa bunduki, kesho utakataa sindano, keshokutwa watanitoa wodini. Unajua hilo? Ulikuwa unanisalimia pale mlangoni, Bwana asifiwe, Bwana asifiwe, na ulikuwa unajua.”

Nilisema ndiyo. Hii ilikuwa ya kweli. Hakunifariji, na sikustahili. Alisukuma vikombe pembeni, akaweka mkono wake wa kulia juu ya meza, kiganja juu.

“Haya. Fanya kazi yako.”

Niliuchukua kwa mikono miwili. Nilibonyeza, nikauzungusha, nikimtazama usoni. Kiungo cha chini kilikuwa kimelika. Cha juu kilikuwa kizima. Kiganja kilikuwa na nguvu kuliko changu. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na tatizo lolote. Nilimweleza yote niliyoyaona, kama vile Derek alivyowaeleza watu, na nikamwambia kwamba kwa mkono ule ningemshauri 44 yenye mtutu mfupi kidogo, baruti ya chini kabisa inayolenga vizuri, semolina ya kutosha, springi ya nyundo ilegezwe, na kukoki afanye kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hakuna kanuni ya klabu inayolikataza ila majivuno ya wanaume.

“Kwa hiyo kubwa ni nyepesi,” alisema.

“Kubwa ni nyepesi.”

“Na umesomea hayo.”

“Nina shahada mbili.”

Bahasha ilikwenda polisi hata hivyo, lakini ndani yake kulikuwa na ombi la kubadilisha 36 kwa 44, na barua yangu ikieleza kwamba ushauri wa awali wa duka ulikuwa wa makosa. Derek aliisoma barua hiyo kabla sijaituma, akabadilisha neno moja. Mimi nilikuwa nimeandika “haukuwa kamili”. Tulingoja miezi miwili na nusu. Wakati huo Sista Nyambura alirudi klabu na kupiga kwa rivolva ya mwanaklabu mwingine, chini ya usimamizi wake, ili jina lake lisikauke kwenye daftari la mahudhurio.

Springi ya 44 yake Derek aliitengeneza mwenyewe, kwa tupa ndogo, kwa siku tatu. Wanaofuata wakumbuke hili: springi ya nyundo ukiilegeza mno, fataki haiwaki kila mara, na mpigaji anasimama akiielekeza shabahani, akingoja, bila kujua kama itawaka au la. Derek alipunguza, akajaribu fataki ishirini, akapunguza tena, akajaribu ishirini. Alipomaliza alikipapasa kile chuma kama anayempangusa mtoto vumbi, akasema, “Mpe. Na umshike mkono kwanza.”

Nilikwenda uwanjani naye Jumamosi ya kwanza. Katika shindano letu mtu hupiga risasi kumi na tatu, na kumi zilizo bora ndizo huhesabiwa; mchezo uliobuniwa na watu wanaojua udhaifu wao. Alishindilia polepole. Alimimina semolina kwa kijiko cha dawa alichotoka nacho hospitalini. Karatasi yake haikuwa nzuri: mbili zilikuwa nje kabisa, moja sikuiona hadi leo. Lakini alikoki mara kumi na tatu, na baada ya ile ya mwisho hakushusha mkono mara moja. Alibaki ameunyoosha, moshi ukimpita, kama mtu anayehakikisha kwamba bado ni wake. Aliendelea na kazi ya wodini miaka minane baada ya hapo.

Derek alistaafu kabla yangu, akahamia kwenye nyumba yake ya magurudumu kule Wales, na nafasi yake akaja Furaha. Siku yake ya kwanza alipaka rivolva chafu mafuta ya mashine. Nilimwachia dakika kumi.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Sista Nyambura alikuja kununua fataki, kama afanyavyo kila mwezi. Mimi nilikuwa kwenye sinki, mgongo nimewageuzia, maji yakitiririka. Mbele ya Furaha alisimama mteja mgeni, mwanamke wa makamo, mwalimu, aliyetaka 36 kwa sababu ni ndogo. Niligeuka nikaona Furaha akimwonyesha mkeka na mwanamke yule akisita, mkono wake ukiwa bado ndani ya mfuko. Nadhani aliuliza kama duka jingine lingemhitaji afanye hivyo. Nikaona Sista Nyambura akimgeukia, midomo yake ikienda, kidole chake gumba kilichopinda kikielekezwa upande wangu. Mwanamke yule alicheka, akautoa mkono, akauweka juu ya mkeka.

Furaha alipomaliza naye alikuja hadi kwenye sinki, upande wa sikio la kushoto ambalo bado lina uhai kidogo.

“Papa Mutua,” akasema, “ule mama wa fataki amemwambia mwalimu anunue hapa, asiende fasi ingine. Anasema ule fundi pale alimukoseaka, halafu akatembea na miguu mpaka kwake kumwambia.”

Nilifunga bomba. Nikamwambia sikusikia vizuri, arudie.

Nilikuwa nimesikia.